Mkanda wa Jeshi: Hofu ya Zamani na Nafuu ya Nyumbani

Leo tunazungumzia mkanda wa jeshi. Tutaanza na historia yake, kwa sababu ugonjwa huu umebeba hofu nyingi, na hofu hiyo ndiyo huwafanya watu wajifiche nyuma ya pazia badala ya kutafuta nafuu.

Kwanza jina lenyewe. Upele huu hutokea upande mmoja tu wa mwili. Huanza na maumivu, mwasho au joto kama la moto, mara nyingi mbavuni, mgongoni au kiunoni. Baada ya siku chache hutokea malengelenge yaliyojipanga kwa mstari, mfano wa mkanda. Watu wa Kibera hawahitaji kuelezwa mkanda wa jeshi ni upi. Mtaa wao ulianzishwa na askari Wanubi wa King's African Rifles, wenye asili ya Sudan, waliokaa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1900, na jina Kibera latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Lakini si sisi tu tulioona mkanda. Waganda huuita ugonjwa huu kisipi, yaani mkanda. Wagiriki wa kale waliuita zoster, na hilo pia ni mkanda.

Pamoja na jina, watu wamerithi hofu. Pengine umewahi kuambiwa kwamba mkanda ukizunguka mwili na ncha zake zikakutana, mgonjwa hufa. Hofu hii ni ya zamani sana. Karibu miaka 2,000 iliyopita, Pliny, mwandishi wa Roma, aliandika jambo hilo hilo. Tuelewane hapa, mama. Malengelenge hufuata mshipa wa fahamu mmoja, na mishipa ya upande wa kulia haivuki kwenda kushoto. Ndiyo maana upele husimama katikati ya mgongo na katikati ya kifua. Na hata ukitokea pande zote mbili, jambo ambalo ni nadra, kukutana kwake si hukumu ya kifo. Ni ishara kwamba kinga ya mwili imedhoofika, na mgonjwa apelekwe hospitali upesi.

Je, ugonjwa wenyewe hutoka wapi? Mwishoni mwa miaka ya 1800, daktari János Bókay wa Budapest aliona kwamba mtu mzima akipata mkanda, watoto wa nyumba hiyo waliweza kupata tetekuwanga. Mwaka 1965 daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Uingereza, Edgar Hope-Simpson, alieleza sababu. Ukipona tetekuwanga utotoni, virusi havitoki mwilini. Hulala kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu kwa miaka mingi. Kinga ikipungua, huamka na kutembea na mshipa mmoja hadi kwenye ngozi. Basi mkanda si uchawi, wala si mkojo wa buibui, wala si laana ya nyumba. Ni tetekuwanga ile ya zamani iliyoamka.

Sasa tufike kwenye sura iliyotuumiza zaidi. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI alitambuliwa nchini Kenya mwaka 1984. Mwaka 1988 madaktari waliofanya kazi Kinshasa, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, waliandika kwamba mkanda wa jeshi ni dalili inayoweza kuonyesha kuwa mtu ana virusi vya UKIMWI. Mwaka 1995 watafiti wakaandika jambo kama hilo kuhusu wagonjwa wa hapa Kenya: kwa wengi wao, mkanda ulikuwa ndiyo dalili ya kwanza kuonekana.

Sikiliza vizuri neno hilo, ya kwanza. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilipopanga ugonjwa huu wa virusi katika ngazi 4, mkanda liliuweka katika ngazi ya 2. Madaktari walimaanisha kwamba bado mapema na muda upo. Lakini mitaani tulisikia jambo lingine. Tulisikia, "Huyu amekwisha." Na hatuwezi kulaumiana sana. Siku hizo dawa ya asiklovia, inayopunguza nguvu ya mkanda, ilikuwa ghali kwa mtu anayeishi kwa kibarua, na ARV hazikuwa kwa maskini. Mwaka 1999 Rais Moi alipotangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa, kupima kulionekana kama kutafuta habari mbaya bila dawa. Mwenye malengelenge alivaa sweta kwenye jua kali ili jirani asione.

Mambo yalibadilika. Mwaka 2003 kliniki ya AMREF ndani ya Kibera ilianza kutoa ARV. Mwaka 2006 serikali ilitangaza kwamba ARV zitatolewa bure katika hospitali za umma. Dalili iliyokuwa ikimaanisha "amekwisha" ikawa nafasi ya kuanza dawa mapema na kulea watoto hadi wakue. Na tukumbuke pia, si kila mwenye mkanda ana virusi. Shosho wa miaka 70 huupata kwa sababu ya umri tu. Mwenye kisukari au saratani pia yumo hatarini. Kipimo peke yake ndicho kinachojua, si macho ya jirani.

Mama, umempata mgonjwa nyumbani. Ufanye nini usiku huu?

Chemsha maji, yaache yapoe kabisa. Loweka kitambaa safi cha pamba, kikamue, kiweke juu ya upele kwa dakika 10 hadi 15. Rudia mara kadhaa kwa siku. Kitambaa hicho kisitumiwe na mtu mwingine, na kifuliwe kwa maji moto na sabuni. Osha upele taratibu kwa maji safi na sabuni ya kawaida, kisha ukaushe kwa kugusagusa, usisugue. Losheni ya kalamini hupunguza mwasho pale ambapo malengelenge hayajapasuka. Mvalishe nguo pana ya pamba; leso kuukuu iliyolainika ni nzuri kuliko sweta. Mkate kucha ili asijikune. Kwa maumivu, mtu mzima anaweza kumeza vidonge 2 vya parasetamoli vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe sana aulize daktari kwanza. Mtoto usimpe aspirini.

Usipasue malengelenge. Usipake dawa ya meno, majivu, mafuta ya taa wala maji ya betri. Hivyo huchoma ngozi na kuleta usaha. Na dawa za miti je? Nchini Uganda, wahudumu wa Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, wametumia utomvu mweupe wa mti wa maua uitwao frangipani kutuliza maumivu haya. Lakini hiyo ni kazi ya mhudumu aliyefunzwa. Utomvu huo ukiingia jichoni hudhuru, kwa hiyo usijaribu peke yako.

Wengi wetu tunaishi familia nzima katika chumba kimoja. Mgonjwa hawezi kumwambukiza mtu mkanda, lakini maji ya malengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua. Funika upele kwa kitambaa safi mpaka ukauke na kufanya magamba. Mwenye mimba ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga, mtoto mchanga na mtu mwenye kinga dhaifu wasiguse upele wala matandiko. Nawa mikono kila unapomhudumia.

Nafuu ya nyumbani haiondoi safari ya kliniki. Asiklovia hufanya kazi vizuri ikianza ndani ya siku 3 tangu upele utokee. Ukiwa Kawangware kuna Kituo cha Afya cha Riruta. Ukiwa Kibera, Hospitali ya Mbagathi iko karibu. Usingoje hata siku moja ikiwa upele uko kwenye paji la uso, puani au karibu na jicho, kwa maana mgonjwa anaweza kupofuka. Nenda upesi pia akiwa na homa kali, shingo ngumu, kuchanganyikiwa, usaha, au upele ukisambaa mwili mzima. Ukipona na maumivu yakabaki kwa miezi, rudi ukaseme. Ipo dawa ya maumivu ya mishipa. Na anayetumia ARV akipata mkanda katika miezi ya kwanza, asiache dawa. Wakati mwingine hutokea kinga inapoanza kurudi.

Upele huu hukauka kwa wiki 2 hadi 4. Maneno ya mtaani huchukua muda mrefu zaidi. Basi leo ukimwona jirani amejifunika leso na hatoki nje, usiulize amefanya nini. Bisha hodi, mchemshie maji, na kesho asubuhi umsindikize kliniki.