Kufupisha Neno na Kufupisha Maneno

Hakuna watu wanaojua kuandika wasiofupisha. Walimu wetu walitufunza n.k. na k.m.; kila bahasha iliyotoka Songea ilibeba S.L.P.; na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 zilijaa barua za ofisi zenye Ndg. juu yake. Kwa hiyo anayewalaumu vijana kwa sababu tu wanafupisha maneno katika simu, amesahau kalamu yake mwenyewe. Yafaa tuulize jambo jingine: ni kitu gani kinachokatwa, na anayesoma anaachiwa nini?

Tuanze na telegramu. Katika dirisha la posta karani alihesabu maneno, na mtumaji alilipa kwa hesabu hiyo. Utaratibu huo ulikipendelea Kiswahili. Mwingereza akitaka kusema "hatutawaona" huhitaji maneno matano. Sisi ni moja tu. Mtu wa Songea mwenye ndugu Dar es Salaam, mwendo wa karibu kilomita elfu moja kwa barabara, aliweza kuandika MAMA MGONJWA NJOO, naye ndugu akajua la kufanya. Maneno yalipunguzwa, lakini kila lililobaki lilibaki zima.

Ujumbe wa simu ya mkononi ulikuja na hesabu nyingine. Tarehe 3 Desemba 1992, huko Uingereza, mhandisi kijana aitwaye Neil Papworth alituma kwa kompyuta salamu za Krismasi, zikapokewa katika simu ya mkononi. Huo ndio uhesabiwao kuwa ujumbe mfupi wa kwanza. Waliobuni utaratibu huo waliuwekea mpaka wa herufi 160, nafasi zikiwamo. Simu hizo zilipoenea kwetu baada ya mwaka 2000, mwenye vocha ndogo alijifunza upesi kwamba herufi ya 161 ilikuwa mwanzo wa ujumbe wa pili, nao ulilipiwa. Posta ilihesabu maneno. Simu ikahesabu herufi. Hapo ndipo mkasi ulipohama, ukaacha sentensi na kuingia ndani ya neno.

Vidole navyo vilikuwa na hesabu yao. Katika simu za vitufe, namba 7 ilibeba p, q, r na s, hivyo kuipata s ulibonyeza mara nne. Namba 9 ilibeba w, x, y na z, na x ilipatikana kwa mara mbili. Basi "sasa" ni mibonyezo 10, lakini "xaxa" ni 6. "Sijui" ni 13, na "cjui" ni 9. Naamini hiyo ni sababu mojawapo ya mtindo uliowaudhi walimu wengi, maana x haimo kabisa katika alfabeti ya Kiswahili sanifu, lugha iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1930. Vijana hawakuwa wajinga. Walikuwa wakibana matumizi.

Hata hivyo, ubanaji huo una watu uliowaacha nje. Tazama "wa2" na "ki2". Mwandishi anaisoma tarakimu kwa Kiingereza, "tu", ili apate kuandika Kiswahili. Hali kadhalika c inasomwa kwa jina lake la Kiingereza ili iwe "si". Sasa mfikirie bibi wa Namtumbo aliyejifunza kusoma katika madarasa ya elimu ya watu wazima. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kwa miaka iliyofuata maelfu ya wakulima walikaa chini ya miembe na daftari magotini. Bibi huyo alifundishwa kwamba 2 ni mbili. Akiona "wa2" atasoma "wambili". Taifa lilimwondolea aibu ya kusomewa barua, na sasa inambidi amwite mjukuu amsomee meseji.

Tena kuna jambo la irabu. Mwingereza akiziacha irabu, mara nyingi neno lake bado hutambulika. Kiswahili hakivumilii hivyo, kwa sababu maana zetu hukaa katika silabi ndogondogo. Kati ya "amepiga" na "amepigwa" pana herufi moja tu, lakini mmoja ni mshitakiwa na mwingine ni mgonjwa. "Anakufaa" ni sifa njema. Punguza a moja uone. Na "bb" ni nani? Ni baba, ni babu, au ni bibi? Atakayepokea "bb mgonjwa njoo" atapanda basi bila kujua anamwendea nani.

Wazee wa pwani walilifahamu jambo hili. Walipoandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu walikuwa na ruhusa ya kuziacha alama za irabu, kama Waarabu wenyewe wafanyavyo kwa kawaida. Lakini miswada ya tenzi zetu aghalabu ina alama hizo, maana Kiswahili bila irabu ni kitendawili.

Je, simu inayokisia maneno imetuponya? Programu iitwayo T9 iliingia katika simu mwishoni mwa miaka ya 1990. Ulibonyeza kila kitufe mara moja, nayo ikatafuta neno katika orodha yake. Lakini kwa vitufe hivyo "kaka" na "lala" ni kitu kimoja, vivyo hivyo "pesa" na "sera", hata "panda" na "sanda". Isitoshe, kitenzi kimoja cha Kiswahili huzaa maumbo mengi mno kuenea katika orodha. Siku hizi zipo kibodi za simu zinazokijua Kiswahili, ila simu iliyoachwa katika Kiingereza huligeuza neno letu kuwa la kigeni bila kuomba ruhusa. Mimi hupendelea kuuzima ukisiaji huo. Afadhali kosa langu mwenyewe kuliko usahihi wa mtu asiyejua nilichotaka kusema.

Vijana waandikiane "xaxa" wao kwa wao. Kila rika lina lugha yake. Lakini penye ugonjwa, msiba, fedha au safari, tuige telegramu: tupunguze maneno, tusiyakate. "Babu mgonjwa, njoo" ni herufi chache sana kati ya zile 160, na bibi wa Namtumbo ataisoma peke yake.