Upogo, si Mkimbio-nje

Rasimu ya istilahi za mchezo wa kulenga shabaha inayopita mkono kwa mkono tangu mwaka jana imetuletea kidahizo kipya: "mkimbio-nje wa risasi". Nilimsomea mzee mmoja wa Chanika, Handeni, ambaye amekula chumvi nyingi katika kazi ya kulinda wanyamapori. Akauliza: imekimbia ikaenda wapi? Swali hilo nalirudisha kwa kamati ya rasimu hiyo, iliyokaa vikao, ikanywa chai, ikapiga kura.

Dhana yenyewe haihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa makala hizi. Kitu cha mviringo kikizungushwa juu ya mhimili wake, ubavu wake unapaswa kubaki umbali uleule kutoka kwenye mhimili. Usipobaki, tofauti kati ya pale unapokaribia zaidi na pale unapojitenga zaidi ndiyo tunayoitafutia jina. Kwa risasi, mhimili ni wa ganda, na anayeshitakiwa ni kichwa: je, kimekaa wima shingoni mwa ganda, au kimeinama upande?

Waingereza walifika kwenye neno lao, "run-out", kwa njia yao. Kwao kitenzi cha kukimbia ni punda wa kila mzigo: mto hukimbia, mashine hukimbia, pua hukimbia. Kwetu mto hutiririka, mashine hufanya kazi, pua huchuruzika, na anayekimbia ana miguu. Tena neno lao hilohilo hutumika katika kriketi kwa mpigaji anayetolewa kabla hajafika kwenye mstari wake. Sitashangaa nikiambiwa kwamba kamati iliokota tafsiri kwenye ukurasa wa kriketi ikaibandika kwenye ukurasa wa bunduki.

Kuna wanaosema tuandike "ranauti" tukalale. Hao siwajibu, uvivu hauna hoja ya kujibiwa. Wanaostahili jibu ni watetezi wa "mchezo" na "myumbo", kwa kuwa angalau maneno yao yanatoka karakana. Ni kweli fundi husema shafti inacheza. Lakini anaposema hivyo mara nyingi anamaanisha beringi imelika, shafti imepata nafasi, ukiishika kwa mkono unaisikia ikienda na kurudi. Hiyo ni kasoro nyingine. Shafti inaweza kubanwa barabara, isicheze hata unywele, na bado ikawa imechongwa nje ya senta. Ukiziita kasoro zote mbili mchezo, mwanafunzi atabadilisha beringi leo na kesho na kelele zitabaki palepale. "Myumbo" nao ni wa matawi na walevi: hudai mwendo. Ninachokitafutia jina kimo ndani ya risasi hata ikiwa imelala kwenye boksi lake, haijaguswa na mtu.

Yupo pia mwenzetu mmoja, hodari wa kuandika dibaji, anayetetea "ukengeufu". Neno zuri, ila mapadri na wanasheria walishalichukua. Sioni mtu akisema kwa uso mkavu kwamba risasi yake ina ukengeufu.

Neno ninalolipendekeza ni upogo.

Kiswahili kina utajiri wa ajabu wa namna za kwenda vibaya, na ni aibu kwamba tunakwenda kuomba kwa jirani. Chombo kikirushwa na mawimbi kinakwenda mrama. Tiara ikikatika uzi inakwenda arijojo. Mambo ya shamba na harusi yakivurugika yanakwenda segemnege. Kofia ikikaa vibaya kichwani iko benibeni. Kisha kuna kombo, kuna tenge, na kuna pogo. Msemaji asiye makini huyatumia yote kama ndugu pacha, lakini kila moja lina kazi yake. Mrama una bahari ndani yake. Arijojo ina upepo na upotevu. Kombo ni mpindo uliokwisha kukaa, wa ndoana au wa mti uliokua ukifuata jua, na unaonekana kwa jicho. Pogo ni habari ya upande: kitu kilichotakiwa kwenda sawa kikaelemea upande mmoja. Kamusi za Kiswahili zimelihifadhi neno hili tangu zama za Madan na Johnson, na seremala akigongomea msumari ukamkataa, msumari huo hukwenda pogo.

Sasa litie kiambishi u- uone. Kiswahili huunda majina ya vipimo kwa u-: urefu, upana, unene, uzito, ukubwa. Upogo unaingia katika safu hiyo bila kusukumana na mtu. Tunasema urefu wa mita 5, unene wa sentimita 2, upogo wa milimita 0.05. Jaribu kusema "mkimbio-nje wa milimita 0.05". Na wingi wake? Mikimbio-nje? Kwa kifupi, nani atasimama mbele ya darasa la VETA akalitamka hilo bila wanafunzi kuinamisha vichwa kuficha vicheko?

Nimeletewa pingamizi mbili. Ya kwanza inasema upogo utachanganywa na kupogoa. Mkulima wa michungwa wa Handeni anayepogoa matawi yake anajua anafanya nini, na hajawahi kumpogoa mtu risasi. Kufanana kwa sauti si kosa. Kaa la moto na kaa wa pwani wameishi pamoja miaka yote bila kesi. Pingamizi ya pili ina uzito zaidi: upogo ni jina la zamani la macho yasiyotazama pamoja, kwa hiyo neno lina harufu ya kumcheka mtu. Naliheshimu hilo. Lakini leo watu husema makengeza, na upogo umebaki bila kazi. Isitoshe, maana hiyo ya zamani inanisaidia mimi kuliko wapinzani wangu: macho mawili yaliyopaswa kufuata mstari mmoja, moja likaacha. Kichwa na ganda ni habari hiyohiyo.

Anayetaka kuona upogo ukipimwa bila saa wala maabara aende kwa mafundi baiskeli wa Manundu, Korogwe. Fundi anaipindua baiskeli ikakaa juu ya siti na usukani. Anavua tairi, anabana kipande cha chaki kwenye uma, ncha ikikaribia ubavu wa rimu pasipo kugusa. Anazungusha taratibu. Rimu ikipita sawa, chaki haipungui. Ikifika penye upogo, chaki inaliwa, na alama nyeupe inabaki hapohapo kwenye chuma. Analegeza spoki za upande wa alama, anakaza za upande wa pili, robo ya mzunguko, si zaidi, anafuta kwa kidole, anazungusha tena, anasogeza chaki karibu zaidi. Akishamaliza ubavu, anahamishia chaki juu ya ukingo, kwa sababu rimu inaweza kuwa sawa kushoto na kulia na bado ikapanda na kushuka. Hizo ni kasoro mbili tofauti, na ninapendekeza ya kwanza iitwe upogo wa ubavu na ya pili upogo wa mzingo.

Ukishalikubali neno, utaona lina kazi nyingi wilayani humo kuliko kwenye bunduki. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 na ukaenea mpaka Korogwe, na kila shamba lenye kiwanda lina korona yake: pipa la chuma lenye visu, likizunguka kwa kasi karibu sana na bamba la kukwangulia. Pipa likiwa na upogo, upande mmoja visu vinakata nyuzi na upande mwingine vinaacha nyama ya jani. Kule Hale, kituo cha umeme cha megawati 21 kilichoanza kazi mwaka 1964 kina mashafti ambayo upogo wake hauwezi kuachiwa chaki. Mafundi wanaoupima hawana neno la Kiswahili la kuandika kwenye daftari.

Turudi kwenye risasi, kwa ufupi. Huko ambako wapiga shabaha hujitengenezea risasi, hasa Marekani, risasi nzima hulazwa juu ya vishikizo viwili, ncha ya saa ya kupimia ikagusa kichwa mbele kidogo ya mdomo wa ganda, kisha ikazungushwa kwa kidole. Mshale ukitembea milimita 0.1, kichwa kimetoka kwenye mhimili kwa nusu yake, yaani 0.05, wanaoanza husahau nusu hiyo. Wengi huridhika upogo usipozidi milimita 0.08. Chanzo mara nyingi si kichwa bali shingo ya ganda: unene wa ukuta wake haulingani pande zote, au kitufe cha kupanulia kimeivuta upande wakati wa kutoka. Dawa ni kusawazisha unene wa shingo, kupanua kwa kijiti kilichonyooka badala ya kitufe, na kukisukuma kichwa kwa hatua, ganda likizungushwa kidogo kila hatua.

Kama inafaa kuhangaikia hivyo, wenyewe bado wanabishana. Franklin Mann, daktari wa Marekani aliyechapisha kitabu juu ya safari ya risasi mwaka 1909, alipiga risasi alizoziharibu mizani makusudi ili aone zinakwenda wapi. Hesabu yake si ngumu. Mtutu unaozungusha risasi mara moja kila sentimita 30, risasi ikitoka kwa mita 800 kwa sekunde, unaipa mizunguko zaidi ya 2,600 kwa sekunde. Uzito wake ukiwa nje ya mhimili kwa milimita 0.01 tu, umbali wa mita 100 unatosha kuipeleka pembeni kama sentimita 2. Mtutu hunyoosha sehemu kubwa ya uinamo kabla risasi haijatoka, ndiyo maana ubishi haujaisha. Gobore la Handeni limeepushwa na ubishi huu wote: halina mifereji ndani ya mtutu, wala kilichomo si risasi ya kupimwa.

Naongeza, ili mtu asije kunipakazia, kwamba kwetu kutengeneza risasi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ninatetea neno, si biashara.

Pendekezo langu nilishalipeleka kwa kamati hiyo kwa maandishi, pamoja na hoja zote hizi na michoro. Jibu lilikuja na muhuri, likinishukuru kwa "pendekezo la neno upango", ambalo "limepokelewa na linafanyiwa kazi". Sijui upango ni kitu gani. Ninajua tu kwamba rasimu iliyofuata ilitoka na mkimbio-nje uleule, safari hii kwa herufi nzito.

Kwa hiyo sasa ninawaomba walimu wa karakana na wahariri wa vitabu vya ufundi: andikeni upogo, mkitenganisha wa ubavu na wa mzingo, na mtaje kipimo kwa milimita. Mwenye neno bora kuliko hili alilete hadharani, akitia sahihi kwa jina lake mwenyewe badala ya jina la kamati.