Valvu imekufa, tuweke gani badala yake?

Leo tuache programu kidogo, turudi enzi za valvu, zile chupa za kioo au za chuma zilizokuwa zikifanya kazi ya transista kabla transista haijazaliwa.

Jirani yangu mmoja hapa Kisumu ni fundi redio mstaafu. Juzi aliniita kwake, akafunua kitambaa juu ya meza. Chini yake kulikuwa na transmita aliyoijenga kwa mkono alipokuwa kijana, chini ya usimamizi wa mtu mwenye leseni. Ina valvu moja ya kurusha, kristali moja, na koili iliyozungushwa kwenye kipande cha bomba. Masafa yake ni megahezi 7. Valvu yake, 6L6, filamenti imekatika.

"Kijana, wewe umesoma kompyuta," akaniambia. "Nitafutie ya kuweka hapa. Nataka kuiona ikiwaka kabla sijaondoka duniani."

Sasa unajiuliza, transmita na Kisumu wapi na wapi? Mji huu umezoea redio tangu zamani. Mwaka 1931 ndege za Imperial Airways zilianza kupita hapa zikielekea Mwanza, na kufikia 1937 ndege kubwa za kutua majini zilikuwa zikishuka ziwani katika safari ya kwenda Durban. Kila moja ilikuwa na mwendeshaji wa redio, akigonga Morse. Wapenzi wa redio nao walikuwepo Kenya, alama zao za wito zikianza na VQ4. Baada ya uhuru wa 1963 zikawa 5Z4.

Turudi kwenye valvu. Kampuni ya RCA ya Marekani ilitoa 6L6 mwaka 1936. Ilikusudiwa kukuza sauti, lakini wapenzi wa redio wakaona inaweza kurusha mawimbi. Kutokana nayo ikazaliwa 807, yenye kofia ya anodi juu ya kichwa, iliyotengenezwa kwa kurusha hasa. Halafu ikaja 1625, ambayo ni 807 iliyobadilishwa kwa ajili ya redio za ndege za vita. Vita vilipokwisha mwaka 1945, majeshi yakauza mabaki kwa bei ya kutupa, na wapenzi wa redio duniani wakajifunza sanaa ya kubadilisha valvu: unatumia uliyopata, si unayotaka.

Mzee akaleta boksi lake la valvu kuukuu. Tukazipitia moja moja.

1625: inataka volti 12.6 kwenye hita, na transfoma yetu inatoa 6.3. Haitapata moto wa kutosha. Tena ina pini 7, soketi yetu ni ya 8. Weka kando.

EL84, iliyotoka kwenye redio ya mezani: hita ni 6.3, sawa kabisa. Lakini ina pini 9 nyembamba, lazima tutoboe chasisi. Mzee akakataa chasisi yake isitobolewe.

807: hita ni sawasawa na ya 6L6, volti 6.3 na ampea 0.9. Soketi tu ndiyo tofauti, pini 5. Mimi nilivutiwa nayo kwa sababu ina nguvu zaidi. Mzee akatikisa kichwa. Katika sakiti ya valvu moja, kristali ndiyo inayobeba mzigo. Ukidai nguvu nyingi, mkondo unaipasua, na kristali ile hana nyingine.

6V6: hita 6.3, pini zimepangwa kama za 6L6, na inakula nusu ya mkondo wa hita, ampea 0.45. Inaingia moja kwa moja!

Nikataka kuichomeka papo hapo. Mzee akanishika mkono. "Kuingia si kufaa."

Sisi watu wa programu tunalijua kosa hili. Kiolesura kinalingana, kodi inakompaili vizuri, halafu inaanguka ikianza kazi. Anodi ya 6L6 inavumilia volti 360 na joto la wati 19. Ya 6V6 mwisho wake ni volti 315 na wati 12. Transmita hii ina volti 350. Tungeichoma.

Basi tukaongeza rezista kubwa kwenye njia ya umeme mpaka volti zikashuka chini ya 300. Kila mara kabla ya kugusa kitu tulizima, tukachomoa, tukazimua kapasita, kwa sababu zinashika chaji hata baada ya kuzima, na chaji hiyo inaua. Jamani, msijaribu bila fundi anayejua.

Antena hatukufunga, kwa sababu sina leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Badala yake tulichukua balbu ya volti 12 ya taa ya nyuma ya pikipiki, tukaiunganisha na mizunguko michache ya waya kando ya koili. Mzee akabonyeza ufunguo wa Morse.

Balbu ikawaka, hafifu, rangi ya machungwa. Akagonga tena, polepole, nukta na vistari. Nilimwuliza anaandika nini.

"Jina la mwalimu wangu," akasema.

Nimeanza kusomea mtihani wa leseni. Antena tutaifunga pamoja.