Meli Iliyokuja kwa Vipande

Tukisoma habari za meli zilizofika Mombasa kutoka nchi za mbali, hatustaajabu sana, kwani bahari ni njia iliyo wazi kwa kila mwenye tanga au injini. Lakini Ziwa Viktoria, ambalo Waluo huliita Nam Lolwe, limezungukwa na nchi kavu pande zote, na uso wake u juu ya usawa wa bahari zaidi ya mita 1,100. Mto Naili, utokao humo, una maporomoko ambayo hakuna chombo kinachoweza kuyapanda. Basi meli ya chuma yenye uzito wa mamia ya tani ilifikaje Kisumu, na kutoka hapo ikaenda kutia nanga Homa Bay au Karungu? Ilikuja kwa vipande, kama nyumba iliyobomolewa ikahamishwa.

Kazi yenyewe ilifanywa hivi. Mafundi wa Scotland waliiunda meli nzima katika karakana yao, tangu mkuku na mataruma hata mabamba ya ubavuni, lakini hawakuikaza kwa ribiti. Waliishika kwa komeo za muda tu. Walipoona kwamba kila tundu limekutana na tundu lake, walitia alama na nambari juu ya kila kipande, kisha wakaifungua tena yote na kuifunga mizigo. Kule ziwani mafundi wengine walisoma zile nambari, wakairudisha meli katika umbo lake, na safari hii ribiti ziliokwa motoni hata zikawa nyekundu, zikapigwa nyundo, zisitoke tena. Mwanafunzi aliyewahi kuunganisha chombo cha kuchezea chenye vipande vingi anajua taabu ya kupotelewa na kipande kimoja. Na awaze sasa kwamba kipande hicho kimesahauliwa Paisley, na barua ya kukiagiza yahitaji majuma mengi kufika!

Meli ya kwanza ya namna hiyo upande wetu iliitwa William Mackinnon, kwa jina la mwenyekiti wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, ambayo ilipata hati yake ya kifalme mwaka 1888. Iliundwa na karakana ya Bow, McLachlan ya mji wa Paisley. Lakini mambo ya kampuni hayakuwa mazuri. Mackinnon mwenyewe alikufa mwaka 1893, na mwaka 1895 kampuni iliishiwa nguvu, ikaiachia Serikali ya Uingereza nchi iliyokuwa ikiitawala. Vipande vya meli vilikuwa mali ya bwana aliyefilisika. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, wala haikufika ziwani ila mwezi wa Desemba mwaka 1901. Na meli haikuingoja. Sehemu zake zilipelekwa mbele ya reli kwa mikokoteni na kwa vichwa vya wapagazi.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa ratili 65 hivi, karibu kilo 30. Bamba la chuma halikatwi kwa kumhurumia mchukuzi. Likizidi mzigo wa mtu mmoja, huchukuliwa na wawili au wanne, nao hutembea kwa hatua moja, katika baridi ya Mau na katika matope ya bonde la Kano. Majina ya watu hao hayakuandikwa katika vitabu. Nambari za mabamba ziliandikwa.

Mwaka 1900 William Mackinnon ilishushwa majini Kisumu, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imesafiri hadi Entebbe. Je, ilikuwa kazi njema? Aliyeitazama kama fundi angesema ndiyo, kwa kuwa vipande vilivyopita mikono mingi kiasi hicho vilikutana bila kuvuja, na meli ikafanya kazi mpaka mwaka 1929, ilipozamishwa makusudi ziwani. Lakini aliyeitazama kama mfanyabiashara angetikisa kichwa. Ilifikiriwa wakati ambapo bidhaa za ziwani zilikuwa chache, ikaelea wakati ambapo reli ilikuwa karibu kuzimwaga mizigo gatini. Tangu siku zake za kwanza ilikuwa ndogo mno. Ikabidi zifuate Winifred mwaka 1902, Sybil baada yake, kisha Clement Hill na Nyanza mwaka 1907, zote kwa vipande, zote zikiunganishwa Kisumu. Tofauti ni kwamba sasa garimoshi ndilo lililobeba.

Majina hayo nayo yana habari. Za kwanza zilipewa majina ya wakubwa wa London na ya wanawake wa Kizungu. Pole pole ziwa likaanza kujitaja lenyewe: Nyanza, Kavirondo, Usoga, na mwaka 1914 Rusinga, kwa jina la kisiwa kilichoko leo katika kaunti ya Homa Bay.

Mwaka huo huo wa 1914 meli hizo zilipata mtihani ambao hakuna fundi aliyeuandalia. Vita vilipoanza, mpaka wa Wajerumani ulikuwa karibu sana na Muhuru. Mwezi wa Septemba askari wao waliushika mji mdogo wa Karungu, ulio leo katika kaunti ya Migori, wakapanda hadi Kisii, na huko wakapigana na Waingereza tarehe 12. Winifred ilipelekwa kuirudisha Karungu, lakini ilikutana na chombo cha Wajerumani kilichoitwa Muansa, nacho kilikuwa na mizinga midogo. Winifred ikarudi nyuma. Siku chache baadaye ilikwenda tena pamoja na Kavirondo, nao Wajerumani walikuwa wameondoka. Ukitazama nguvu za dola mbili kubwa zikigombea gati la Karungu kwa meli za pamba na ngozi, waweza kucheka kidogo. Lakini watu wa pwani hiyo, waliotwaliwa ng'ombe zao na vijana wao kuwa wachukuzi wa vita, hawakucheka.

Wajerumani nao walikuwa na meli ya vipande, kubwa zaidi. Iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafungwa katika masanduku 5,000 hivi, ikapelekwa Dar es Salaam na kutoka huko kwa reli hadi Kigoma, katika Ziwa Tanganyika. Iliitwa Graf von Götzen. Ilielea mwezi wa Februari 1915, na mwezi wa Julai 1916 wenyewe wakaizamisha ili isitekwe, baada ya kuzipaka injini zake mafuta mazito. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Mimi naiona ndiyo ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba kuungwa kwa vipande hakuifanyi meli kuwa dhaifu. Rusinga yetu nayo ilibadilishwa ikawekwa injini ya dizeli, ikaendelea kuchukua mizigo, hali pacha wake Usoga aliachishwa kazi mwaka 1975, akaja kuzama Kisumu.

Hata hivyo, mtu akitaka kuzihukumu meli hizi kwa haki, asisimame Kisumu peke yake, maana Kisumu ndiko zilikozaliwa na kila mzazi husifu mtoto wake. Na asimame Homa Bay. Wakulima wa upande huo walilima pamba, na vinu vya kuichambua vilijengwa Kendu Bay na Homa Bay. Kupeleka robota Kisumu kwa barabara wakati wa masika kulikuwa adhabu. Hapo meli ilikuwa neema kweli. Lakini kadiri meli zilivyozidi ukubwa na bei, ndivyo zilivyozidi kupita mbali. Victoria, iliyoanza safari mwaka 1961, ilikuwa meli ya fahari ya kuzunguka bandari kubwa za nchi tatu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ilikwenda Tanzania. Umoja na Uhuru, zilizokuja katika miaka ya 1960, ziliundwa kubeba mabehewa ya reli, na behewa halishuki mahali pasipo na reli.

Vyombo ambavyo watu wa Homa Bay, Kendu Bay, Asembo, Mbita na Mfangano walivijua kwa sauti ya honi vilikuwa vidogo, navyo viwili kati yao viliitwa kwa majina ya samaki: Alestes na Tilapia. Humo ndimo walimopanda wanawake na vikapu vya omena, wanafunzi na masanduku yao, wagonjwa waliokwenda hospitali ya Kisumu. Hakuna mfalme aliyetumiwa picha ya Tilapia. Vilichakaa; na katika miaka ya 1990 magugu maji yaliziba ghuba, hata mahali pengine chombo hakikuweza kufika gatini.

Siku hizi Kisumu inaunda tena. Uhuru II, yenye urefu wa mita 100, iliunganishwa huko na mafundi wa Kenya wakishirikiana na karakana ya Damen ya Uholanzi, kwa gharama iliyotajwa kuwa shilingi bilioni 2.4, nayo ilianza kazi mwaka 2023. Yaweza kupokea mabehewa 22. Kwa hiyo nayo, kama Uhuru ya kwanza, huelekea Uganda. Mtu wa Mbita anayetaka kuvuka hadi Luanda Kotieno hupanda feri fupi ya magari, husimama kati ya lori na pikipiki, na kabla hajamaliza kuzungumza na jirani yake amekwisha kufika ng'ambo.