Akina Mama wa Jiangyong: Huzuni na Udada Enzi za Ukabaila



Tunapotimiza miaka kumi tumeona kijitabu hiki kisiwe cha hesabu za hisa na mikopo tu. Tumeweka na kipande cha historia. Historia yenyewe ni ya mbali, ya China. Wengi wetu tukisikia China tunakumbuka Beijing, ule mkutano wa wanawake wa dunia wa mwaka 1995, ambao mama yetu Gertrude Mongella ndiye alikuwa Katibu Mkuu wake. Lakini leo hatuendi Beijing. Tunakwenda kusini, mkoa wa Hunan, wilaya ya Jiangyong, kwenye milima na mashamba ya mpunga, tukaone akina mama wa zamani waliishi vipi na walishikana vipi.

Enzi hizo zilikuwa za ukabaila. Wafalme wa ukoo wa Qing walitawala China kuanzia mwaka 1644 hadi 1912. Makabaila walishika ardhi, na ndani ya nyumba mwanamke alikuwa chini ya mwanamume toka kuzaliwa hadi kufa. Mafundisho ya kale yalisema hivi: ukiwa msichana mtii baba, ukiolewa mtii mume, ukifiwa na mume mtii mwanao wa kiume. Sasa hebu tazama, mwenzangu. Siku ya mwanamke kujiamulia jambo ni ipi hapo? Haipo.

Halafu kulikuwa na kufungwa miguu. Mtoto wa kike angali mdogo, wa miaka mitano, sita au saba hivi, vidole vinne vya kila mguu vilikunjwa chini ya unyayo na kufungwa kwa vitambaa virefu. Vilikazwa siku hadi siku mpaka mifupa inapinda na kuvunjika. Mguu mdogo ndio uliohesabiwa uzuri, na asiyekuwa nao aliogopewa kukosa mchumba. Basi aliyefungwa alitembea kwa taabu, na kazi zake zikawa za kukaa: kusokota nyuzi, kufuma, kushona na kutarizi, ghorofani, pamoja na wasichana wenzake.

Hapo ghorofani ndipo udada ulipozaliwa. Wasichana wasiokuwa wa tumbo moja waliapiana kuwa dada. Wengine walikuwa wawili, wengine kikundi kizima. Ilikuwepo sikukuu yao katika mwezi wa nne wa kalenda ya Kichina, wasichana wanakusanyika, wanaleta vyakula, wanakula pamoja na kuimba. Tukiyasoma haya sisi watu wa upatu tunacheka, maana tunajiona wenyewe.

Shule ilikuwa ya watoto wa kiume. Maandishi ya Kichina yana alama maelfu, na wanawake wengi hawakufundishwa. Basi wanawake wa Jiangyong wakawa na maandishi yao wenyewe, yanaitwa Nüshu, maana yake maandishi ya wanawake. Ni herufi nyembamba zilizolala upande, chache kuliko za Kichina, na kila moja inashika sauti ya lugha yao ya nyumbani. Mama alimfundisha binti, shangazi akamfundisha mpwa, dada akamfundisha dada. Waliandika kwenye karatasi, kwenye vipepeo na kwenye vitambaa vya mkono, na walichoandika walikisoma kwa kuimba. Wapo wanaosema yalikuwa maandishi ya siri. Siyo hivyo hasa. Wanaume waliyaona na waliyasikia yakiimbwa, ila hawakuyajali. Waliona ni mambo ya wanawake.

Huzuni kubwa ilikuwa siku ya harusi. Ndoa zilipangwa na wazazi kupitia mshenga, na binti aliondoka kwenda kijiji cha watu asiowajua. Dada wa kiapo walibaki wanalia. Siku ya tatu baada ya harusi walimpelekea bibi harusi kitabu kidogo chenye jalada la kitambaa. Kurasa za mwanzo waliandika uchungu wa kuachana na kumtakia heri. Kurasa zilizobaki waliziacha tupu, ili naye akikaa kule ugenini aandike yake. Katikati ya kurasa aliweka nyuzi zake za kutarizi. Na wengi walipokufa walizikwa na maandishi yao, au yalichomwa moto, ili mwenyewe aende nayo.

Tusiwasifu tu, tuseme na lililo gumu. Waliokaza vile vitambaa vya miguu walikuwa akina mama wenyewe. Mwanamke aliyelia na dada zake usiku, asubuhi alimfunga binti yake, kwa kuwa aliogopa ataolewa na nani. Udada ule ulifuta machozi, lakini haukufungua kamba. Kilichokosekana ni nini? Hawakuwa na shamba, hawakuwa na fedha ya kwao, wala sheria ya kuwalinda. Mtu akikosa vitu hivyo, hata akiwa na dada kumi, bado anategemea huruma ya wengine.

Kamba zilifunguliwa baadaye. Serikali ya jamhuri ilikataza kufunga miguu mwaka 1912, ingawa desturi ilichukua miaka mingi kwisha. Mwaka 1950 sheria mpya ya ndoa ilipiga marufuku kuoza watu kwa nguvu na kuoa wake wengi. Wasichana wakaenda shule, na Nüshu ikapungua wasomaji. Bibi Gao Yinxian alifariki mwaka 1990, na Bibi Yang Huanyi, aliyehesabiwa wa mwisho kati ya waliojifunza kwa njia ya zamani, alifariki mwaka 2004 akiwa na zaidi ya miaka 90. Leo maandishi hayo yanahifadhiwa na kufundishwa tena, na tangu mwaka 2017 yamo katika mpango wa kimataifa wa herufi za kompyuta.

Sasa basi, sisi tunachukua nini? Tunachukua kwamba kikundi cha kufutana machozi ni kitu chema, na tusikiache. Msiba wa mmoja uendelee kuwa wa wote. Lakini daftari letu la hisa lina kazi ambayo kile kitabu cha siku ya tatu hakikuweza kuifanya. Ndani yake jina la kila mama lina fedha mbele yake, na fedha hiyo ni yake. Tena tujiulize, kila mmoja nyumbani kwake, ni kamba gani tunawafunga binti zetu kwa kuogopa watu watasema nini. Hilo tulizungumze kikaoni, bila kuoneana haya.

Udumu umoja wetu.

Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wote