Magari Yanayongoja Wenyewe

Ndugu msikilizaji, hivi karibuni nilikuwa mjini Moshi kwa shughuli nyingine kabisa, na gari nililosafiria likaharibika pampu ya mafuta. Nikaulizia fundi, nikaelekezwa kwenye gereji moja ya zamani iliyo nje kidogo ya mji. Pampu ilitengenezwa kwa muda wa saa moja tu. Lakini mimi niliondoka pale jioni, kwa sababu nyuma ya gereji ile, chini ya banda refu la mabati, nilionyeshwa kitu ambacho hata wakazi wengi wa Moshi hawakijui. Ni magari 11 ya zamani, yamefunikwa kwa maturubai, yamepandishwa juu ya matofali ili uzito usiharibu tairi, na kila moja limefutwa vumbi.

Mwenye gereji ni mzee aliyekwisha kupita miaka 80. Ameniomba nisimtaje jina hewani, nami ninaliheshimu ombi lake. Mwanzoni nilidhani nimekutana na tajiri anayekusanya magari ya kale kwa kujifurahisha, kama wale wanaopeleka magari yao kwenye yale maonyesho ya Nairobi yaliyoanzishwa mwaka 1970. Nikamwambia, "Mzee, una mali hapa." Akatikisa kichwa akasema, "Mwanangu, hapa hakuna langu hata moja. Haya ni magari ya watu."

Ili kulielewa jibu hilo, ndugu msikilizaji, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Mzee huyu alianza kazi kama kijana wa kushika spana katika gereji ya Singasinga mmoja, siku chache kabla ya Uhuru. Wakati huo mtu aliyetaka kununua gari hakusoma vitabu vya wataalamu. Alitazama mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na ambayo yalipita katika barabara za vumbi na matope za Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari lililofika mwisho ndilo lililoaminiwa. Mwaka 1963 yalifika magari saba tu, na la kwanza likawa Peugeot 404. Gari hilo likashinda tena mwaka 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1964 ilishinda Ford Cortina. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda kwa Volvo ambayo tayari ilikuwa imekwisha kutumika. Mzee anasema siku ile katika gereji yao hakuna aliyefanya kazi.

Na hayo ndiyo magari yaliyomo bandani. Kuna Peugeot 404 mbili, moja ya familia na moja pikapu. Kuna Cortina ya kijani. Kuna Morris Minor, gari dogo lililoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, ambalo walimu na makarani walilipenda. Kuna Volkswagen ya mgongo wa duara, ambayo injini yake iko nyuma na hupozwa kwa hewa, kwa hiyo dereva hakuhangaika kutafuta maji ya rejeta njiani. Na kuna Land Rover tatu, ambazo bodi zake ni za aluminiamu kwa sababu zilipobuniwa, baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma kilikuwa adimu huko Uingereza.

Sasa yalifikaje hapo? Mzee alinionyesha daftari lake. Gari la kwanza, ile Cortina, liliingia gereji mwezi Januari mwaka 1977 likiwa limevunjika giya boksi. Spea iliagizwa Nairobi, kama ilivyokuwa kawaida. Mwezi wa Februari mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Tukumbuke kwamba kutoka Moshi, Mombasa ni karibu kuliko Dar es Salaam. Fundi wa Moshi alikuwa akipata vifaa vyake upande wa pili wa mpaka, na mara moja mlango ukafungwa. Giya boksi ile haikufika.

Mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera. Taifa likaingia vitani, na vita ilipokwisha mwaka 1979 hazina ya fedha za kigeni ilikuwa imekauka, huku bei ya mafuta ikipanda duniani. Wenye umri wa kutosha wanakumbuka jinsi gari lilivyokatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana bila kibali. Katika hali ile, nani angepewa fedha za kigeni kwa ajili ya ringi za pistoni za Morris Minor? Mafundi walichonga bushi kwa mbao ngumu, wakakata gasketi kwa makaratasi magumu, wakahamisha kifaa cha gari hili kwenda lile. Pale ufundi ulipofika mwisho, mteja alimwambia Mzee, "Niwekee, nitarudi."

Mpaka ulifunguliwa tena mwezi Novemba mwaka 1983. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa. Baadhi ya wateja walirudi na spea mkononi wakachukua magari yao. Wengine walinunua pikapu za Kijapani wakasahau. Wengine walihamishwa kikazi, na wengine, Mungu awarehemu, walifariki. Yakabaki 11.

Ukienda Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, utaonyeshwa magari ya wakubwa, likiwamo Rolls-Royce lililotumiwa na gavana wa Kiingereza na baadaye Mwalimu Nyerere. Ni vizuri yametunzwa. Lakini gari la muuguzi, la bwana shamba, la mwenye duka aliyebeba magunia ya mahindi, tutayaona wapi? Historia ya nchi haikwenda kwa Rolls-Royce peke yake. Katika banda lile la Moshi nilisoma habari ya kuvunjika kwa Jumuiya na ya shida iliyofuata vita waziwazi zaidi kuliko nilivyowahi kuisoma vitabuni, maana kila gari lina tarehe liliposimama, na kila tarehe ina sababu yake.

Yapo matatizo, nami sitaki kuyaficha. Watoto wa Mzee wanataka kiwanja kile wajenge vyumba vya kupangisha, na sioni kwamba wanakosea, kwani wao ndio wanaomtunza baba yao. Wanunuzi wa vyuma chakavu wamekwisha kuja mara tatu. Wanazitamani hasa zile Land Rover, kwa sababu aluminiamu huyeyushwa ikawa sufuria. Nilimshauri Mzee awape vijana wa VETA gari moja au mawili wajifunzie, na mengine yapelekwe makumbusho. Akanitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, nitatoaje zawadi kitu cha mtu?"

Sikuwa na jibu. Mtu huyu ametumia zaidi ya miaka 40 kupaka grisi na kuzungusha injini za magari yasiyo yake, bila kulipwa hata senti moja ya hifadhi, kwa sababu tu mwenyewe alisema atarudi. Sisi tunaolalamika kila siku kwamba uaminifu umekwisha nchini tungefaa kupelekwa pale tukakae nusu saa.

Aliniomba jambo moja tu, nami ninalitimiza leo. Kama wewe, au marehemu baba yako, au mjomba wako, aliwahi kuacha gari kwa fundi mjini Moshi kati ya mwaka 1977 na 1984, nenda ukaliangalie. Chukua gari lako, au mwambie Mzee kwa kinywa chako kwamba umelitoa, ili naye awe huru kulipeleka anakotaka. Anawangoja mpaka mwisho wa mwaka huu. Gereji haikuhama, na wanaohusika wanaijua njia.