Bakteria Wanaomlinda Nzige

Kundi la nzige likitua shambani, mkulima hana nafasi ya kuwaza kilichomo tumboni mwao. Waliowaza ni Rod Dillon na Keith Charnley wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, katika miaka ya 1980. Walikuwa wakichunguza Metarhizium, kuvu inayoua wadudu. Vijimbegu vyake vikimwangukia nzige mwilini huota, hupenya ngozi na kumuua. Nzige wa jangwani akivimeza, havioti. Kwa nini?

Wakafuga makundi mawili. La kwanza lilikuwa la nzige wa kawaida. La pili lilitunzwa tangu yai bila bakteria hata mmoja, na chakula chake kilisafishwa kwanza vijidudu vyote. Kazi hiyo inataka subira, maana uchafu kidogo tu unaharibu kila kitu. Makundi yote yakalishwa kuvu. Ndani ya utumbo wa nzige wa kawaida vijimbegu havikuota. Kwa wale wasio na bakteria, viliota. Hata kinyesi kilitoa ushahidi: vile vidonge vikavu vya nzige wa kawaida vilikuwa na kemikali ya kuzuia kuvu, na vya wenzao havikuwa nayo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1986.

Baadaye kemikali zenyewe zikatambuliwa kuwa ni za jamii ya fenoli, na mmoja wa watengenezaji wake ni bakteria Pantoea agglomerans, anayeingia tumboni pamoja na majani. Mwaka 2000 watafiti hao wa Bath walionyesha jambo ambalo mimi naliona la ajabu kuliko yote: bakteria huyohuyo hutumia mabaki ya majani kutengeneza gwaiakoli, kemikali yenye harufu inayosaidia nzige kukusanyika. Mwaka 2005 wakaongeza kwamba kadiri aina za bakteria tumboni zinavyokuwa nyingi, ndivyo kijidudu cha maradhi, Serratia marcescens, kinavyoshindwa kustawi humo.

Huku kwetu Afrika Mashariki habari hii inatugusa. Mwaka 2009 nzige wekundu walipozaliana Tanzania, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilisaidia kunyunyizia dawa ya Metarhizium kwa helikopta katika mbuga za Ikuu huko Katavi, bonde la Ziwa Rukwa na bonde la Mto Malagarasi, jumla ya takriban hekta 10,000. Nzige wa jangwani walipovamia Kenya, Ethiopia na Somalia kuanzia mwaka 2019, Somalia nayo ilitumia kuvu hiyo. Vijimbegu huchanganywa na mafuta ili vishike mwilini, kwa kuwa njia ya kumuua nzige ni ngozi yake. Ile ya tumboni bakteria wameshaiziba.